Kwa nini kesi yenu haiwezi kuanzia Mahakama ya Juu

Swali: "Wakili, habari ya kazi. Mimi nina saluni, na katika chama chetu tuko akina mama wenye biashara ndogo ndogo: mboga, mitumba, vyakula. Kaunti imepitisha sheria mpya ya fedha na ada ya leseni imepanda maradufu. Hakuna aliyetuita kwenye mkutano wowote. Tumechanga pesa kidogo na tunataka sheria hiyo ifutwe. Wenzangu wengine wanasema tusipoteze wakati na mahakama za chini, twende moja kwa moja Mahakama ya Juu ili neno liwe la mwisho. Wengine wanasema ni kazi bure, kwa sababu Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Juu ikairudisha. Nani yuko sawa?"

Mama, hao wa kwanza wamekosea njia, na hao wa pili wamekata tamaa mapema mno. Naanza na njia, maana michango ya watu wadogo huisha haraka sana mtu akibisha mlango usio wake.

Mahakama ya Juu, iliyo City Hall Way hapa Nairobi, haipokei kesi mpya ya mwananchi anayepinga sheria. Mambo yanayoanzia kwake ni machache. Kuna kesi ya kupinga uchaguzi wa rais, ambayo huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa na kuamuliwa ndani ya siku 14. Kifungu cha 58 cha Katiba kinairuhusu pia kuamua kama tangazo la hali ya hatari ni halali. Halafu kuna ushauri wa kisheria kuhusu mambo ya ugatuzi, ambao huombwa na serikali ya kitaifa, asasi ya dola au serikali ya kaunti. Maana yake ni kwamba kaunti inayowatoza ingeweza kuomba ushauri huo, lakini nyinyi mnaotozwa hamwezi. Karibu mengine yote hufika pale kwa rufaa kutoka Mahakama ya Rufaa.

Kesi yenu inaanzia Mahakama Kuu. Kifungu cha 165 kinaipa mamlaka ya kuamua kama sheria yoyote inakwenda kinyume na Katiba, na hapo sheria ya bunge la kaunti imo. Kwa mkazi wa Nairobi, hiyo ni Milimani, Kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu. Nawasihi msiione mahakama hii kama kituo cha kupitia tu. Mwaka 2016, kijana aliyeshtakiwa kwa alichoandika Facebook alipinga pale kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Jaji mmoja akakibatilisha kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba mtu wa kawaida hangejua ni wakati gani anavunja sheria. Januari 2025, mahakama hiyo hiyo ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia ngapi nchini zilibeba aibu ya kifungu hicho tangu enzi za mkoloni! Kilichohitajika ni jaji mmoja, stakabadhi zilizopangwa vizuri na hoja iliyosimama.

Hata mkiwa na nia ya kufika juu, mtakachokuwa nacho huko ni kile mlichoweka kwenye faili huku chini. Mahakama ya Juu ililisema hilo mapema, mwaka 2012, katika kesi ya Lawrence Nduttu na wenzake dhidi ya Kenya Breweries. Kulitaja neno Katiba kwenye rufaa hakukupi nafasi mbele yake. Ni lazima tafsiri au matumizi ya Katiba yawe ndiyo mliyobishania tangu mwanzo, na yawe yamepitia Mahakama ya Rufaa. Njia nyingine ya kufika ni kupata kibali kwamba suala lenu lina uzito kwa umma kwa jumla, na kibali hicho hakitolewi ovyo.

Watu wengi wanaikumbuka kesi ya Francis Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ile lazima ya hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, inakiuka Katiba, kwa kuwa inamfunga jaji asisikilize lolote la kumpunguzia mtu adhabu. Magereza yalijaa matumaini. Waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu na hata kwa makosa ya ngono walianza kuutumia uamuzi huo, na mahakama nyingi zikawakubalia. Julai 2021, Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo kwamba uamuzi wake ulihusu kifungu cha 204 peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima iliyo katika kifungu kingine afungue kesi Mahakama Kuu, aijenge, aibishanie kikamilifu, ndipo ipande. Yaani mahakama ya mwisho yenyewe iliwaambia watu waliokuwa gerezani warudi kuanzia chini. Iliniuma kwa ajili ya wale waliokuwa wamekwisha kuona mlango ukifunguka, lakini sheria ndivyo inavyosogea, kifungu kimoja baada ya kingine.

Sasa niwajibu hao wa pili, waliovunjwa moyo na kesi ya 2023. Mambo yalikwenda hivi. Novemba 2023, jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu liliondoa baadhi ya vifungu vya Sheria ya Fedha, ile ya Bunge la kitaifa, hasa ushuru wa nyumba, yaani makato ya mishahara ya kujengea nyumba za bei nafuu. Tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikaenda mbali zaidi na kuifuta sheria nzima. Tarehe 29 Oktoba 2024, Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo wa kuifuta sheria nzima. Ubishi mkubwa ulikuwa ushirikishaji wa umma. Mahakama ya Rufaa ilitaka Bunge lieleze kwa nini lilikataa maoni ya wananchi, na Mahakama ya Juu ikasema hakuna sharti la wazi la kisheria linalolibana Bunge kufanya hivyo. Hapo mimi sikubaliani nayo. Mtu aliyeacha kibanda chake siku nzima kwenda kutoa maoni anastahili kuambiwa kwa nini yamekataliwa. Lakini huo ndio uamuzi, na kifungu cha 163(7) cha Katiba kinaufanya uzibane mahakama nyingine zote.

Kwenu nyinyi, fundisho la kesi hiyo ni jingine. Bunge lilikuwa na rekodi: matangazo, maoni yaliyoandikwa na kupokelewa, ripoti ya kamati. Mahakama ya Juu ilipofungua faili ilizikuta na kuona zinatosha. Je, kaunti yenu inazo? Linganisheni na kesi ya Robert Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu ya 2014. Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 yote kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema bunge la kaunti haliwezi kutuma ujumbe mfupi mitandaoni na kuwaachia watu waokoteze wenyewe. Lifike makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, kwenye baraza na kwenye redio, hata zile za lugha za mama. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo ambao bado ndio kipimo. Si lazima kila mtu asikizwe, lakini watu waelezwe wazi jambo lenyewe, wapewe muda na njia wanazoweza kuzifikia, na wanaoguswa hasa wapate nafasi ya kweli. Jukumu la kuandaa haya yote ni la taasisi ya umma.

Kwa hiyo sentensi yako kwamba "hakuna aliyetuita" ndiyo mbegu ya kesi, ila haijawa ushahidi. Nendeni mkautafute. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki ya kudai stakabadhi, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andikieni karani wa bunge la kaunti. Ombeni tangazo la mkutano na tarehe lilipotolewa, orodha za waliohudhuria kwa kila wadi, maoni yaliyopokelewa, ripoti ya kamati, na kumbukumbu za mjadala wa siku mswada ulipopitishwa. Peleka barua mkononi na upate muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Wakileta orodha, isomeni jina kwa jina. Mikutano ilifanyika saa ngapi, na wapi? Mkutano wa saa nne asubuhi katika hoteli ya mbali, siku ya soko, kwa watu wanaoishi kwa mauzo ya siku hiyo hiyo, ni jambo ambalo jaji analielewa likielezwa kwa kiapo na muuza mboga mwenyewe. Wasipojibu kabisa, ukimya wao nao unaingia kwenye faili. Na kila mmoja wenu aweke risiti ya ada ya zamani na ya sasa pamoja na hesabu ya mapato yake, hata ikiwa ni ya daftari la shule.

Msiegemee ushirikishaji wa umma peke yake. Mawakili wengi hufanya hivyo, kwa maoni yangu kwa uvivu, na kaunti ikitoa picha za mkutano mmoja kesi inalegea. Ingieni ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 209 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kutoza ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na kodi nyingine yoyote iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge. Zaidi ya hayo inaweza kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Basi ulizeni: ada hii ni malipo ya huduma gani? Imepanda maradufu, huduma imepanda kwa kiasi gani? Kifungu cha 120 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kila kaunti iwe na sera ya ada na bei za huduma zake. Ombeni sera hiyo katika barua ile ile. Kaunti iliyopandisha ada bila sera ina kazi kubwa ya kujieleza kortini.

Kuna jambo kuhusu mzigo wa kuthibitisha ambalo wengi hawalijui. Sheria ikishapitishwa, mahakama huichukulia kuwa halali mpaka mlalamishi aonyeshe vinginevyo, kwa hiyo mnaanza mkiwa nyuma kidogo. Lakini mkionyesha kwamba inaminya haki iliyo katika Sura ya Nne ya Katiba, kifungu cha 24(3) kinamtupia mtunga sheria jukumu la kueleza kwa nini uminyaji huo ni wa haki na unakubalika katika nchi ya kidemokrasia. Jaji hupima nia ya sheria na pia matokeo yake. Nia inaweza kuwa njema, kukusanya pesa za zahanati na barabara, na bado matokeo yakaibatilisha.

Katika kuandika ombi lenyewe, kumbukeni kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, ambayo majaji huitaja mpaka leo. Taja kifungu cha Katiba kilichovunjwa, eleza kilivunjwa vipi, na useme umeumia wapi. Ombi linaloorodhesha vifungu 20 bila kueleza kimoja linamchosha jaji na kuificha hoja yenu nzuri. Afadhali vitatu vilivyoelezwa. Mnaowashtaki ni serikali ya kaunti na bunge la kaunti. Chama chenu kinaweza kushtaki hata kama hakijasajiliwa, kwa kuwa Katiba inahesabu kundi la watu kuwa mtu, lakini wekeni pia majina ya wanachama wawili au watatu wenye risiti, ili hoja ya "nyinyi ni akina nani" isiwapotezee siku.

Kuhusu pesa mlizochanga: kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kesi ya kutetea haki zilizo katika Katiba isitozwe ada ya kuifungua, na kwamba mahakama ipokee hata maombi yasiyo rasmi inapobidi. Vitakavyokula pesa zenu ni nakala, viapo, usafiri na wakili. Ulizeni Kituo cha Sheria, Katiba Institute au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kabla ya kumlipa mtu yeyote. Mkishindwa katika kesi ya kweli ya manufaa ya umma, kwa kawaida mahakama haiwabebeshi gharama za upande wa pili, ingawa uamuzi huo ni wa jaji.

Na je, msimamishe malipo wakati kesi inaendelea? Hapana. Sheria inabaki sheria mpaka mahakama iseme vinginevyo, na askari wa kanjo, yaani wa kaunti, hawatasubiri hukumu ndipo wafunge saluni. Lipeni na mtunze risiti, huku mkiomba agizo la muda la kuisimamisha. Vipimo vyake vilielezwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014 katika kesi ya Gatirau Peter Munya: muwe na hoja inayostahili kusikizwa, ionekane kwamba bila agizo ushindi wenu utakuwa mtupu, na manufaa ya umma yaruhusu. Agizo likitoka, lina nguvu. Sheria ya Marekebisho ya Usalama ilitiwa saini tarehe 19 Desemba 2014. Tarehe 2 Januari 2015 vifungu vyake 8 vilikuwa vimesimamishwa, na Februari 23 majaji watano wakabatilisha vifungu 8. Kwenye sheria za fedha, majaji huwa wazito zaidi, kwa kuwa bajeti nzima ya kaunti inaegemea pale. Ndiyo maana mimi ningeomba kesi isikizwe haraka mpaka mwisho, badala ya kutumia nguvu zote kwenye agizo la muda.

Haraka ina sababu nyingine, na hii ndiyo inayozishinda hoja zote za kukimbilia mahakama ya mwisho. Kaunti hutunga sheria ya fedha mpya karibu kila mwaka. Rufaa mbili zinaweza kula miaka. Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya 2007 ilibatilishwa baadhi ya vifungu na Mahakama Kuu mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikaamua 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Desemba 2019. Kwa miaka 10 vibarua waliokatika vidole viwandani hawakujua kama waende kortini au kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Sheria yenu ya kaunti haitaishi miaka 10. Mkifika juu itakuwa imekwisha kubadilishwa, na mahakama inaweza kusema hakuna tena cha kuamua.

Ushindi nao mjue unavyoonekana. Mahakama inaweza kufuta sheria nzima, kifungu kimoja, au kutangaza ubatili lakini ikaipa serikali muda wa kurekebisha. Ushuru wa nyumba ulipofutwa Novemba 2023, serikali ilipewa mpaka tarehe 10 Januari 2024. Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda Januari 26, makato yakasimama, na Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikayarudisha, safari hii ikiwagusa na wasio na ajira rasmi. Kaunti yenu nayo inaweza kurudi na ada ile ile baada ya kufanya mikutano kama inavyotakiwa. Siku hiyo chama chenu kiwe ukumbini, na maoni yenu yawe yameandikwa na kupigwa muhuri.

Mkishindwa Milimani, mna siku 14 za kuwasilisha ilani ya rufaa na siku 60 baada ya hapo kupeleka rekodi Mahakama ya Rufaa. Toka hapo kwenda Mahakama ya Juu ni siku 14 tena za ilani, kisha siku 30 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Lakini hayo ni ya baadaye. Barua ya kwa karani wa bunge la kaunti iandikwe wiki hii, kwa sababu zile siku 21 hazianzi kuhesabiwa mpaka muhuri wa mapokezi upigwe.